Juu Kuliko Wote, Mbali Kuliko Wote, Sugu Kuliko Wote: Rekodi za Intaneti ya Milimani

Mjini mnara ukilala, fundi anapanda pikipiki na baada ya nusu saa watu wanaendelea na mambo yao. Mlimani fundi anajitwisha betri mgongoni na kuanza kupanda kwa miguu, na huko juu huenda akakuta barafu, radi, upepo au tumbili wamemtangulia. Ndiyo maana mashindano ya kufikisha intaneti milimani yana ladha ya pekee. Mlima huzuia mawimbi yasipite, lakini ukishafika kileleni mlima huo huo unakuwa mnara ambao hakuna kampuni duniani ingeweza kuujenga. Wafuatao ni mabingwa wa kucheza na pande hizo mbili. Kigezo chetu ni kigumu: kuwasha mtandao siku ya uzinduzi kunaleta alama chache, kuufanya uendelee kuwaka kunaleta nyingi.

1. Mnara wa juu kuliko yote: mita 6,500

Taji liko Everest, upande wa kaskazini, ndani ya Tibet. Mwezi Aprili 2020 kampuni ya China Mobile ikishirikiana na Huawei iliwasha mitambo ya 5G katika kambi tatu za wapandaji: mita 5,300, mita 5,800 na mita 6,500. Shika hiyo ya mwisho. Kilele cha Uhuru cha Kilimanjaro kina mita 5,895. Maana yake, fundi anayekaza skrubu kwenye mtambo huo yuko mita 605 juu ya paa la Afrika, na hewa anayovuta haifikii nusu ya ile ya ufukwe wa Mombasa.

Taarifa za wakati huo zilitaja tani nane za vifaa, vilivyopandishwa kwa nguvu za watu na ng'ombe wa milimani waitwao yak. Tupige hesabu kwa kipimo chetu. Mgumu, yaani mpagazi wa Kilimanjaro, hubeba kilo 20 za mzigo wa mgeni. Tani nane ni mizigo ya wagumu 400, yaani mabasi saba ya abiria 57 yaliyojaa, na mtu mmoja akabaki stendi!

Kazi ilionekana mapema. Mwezi uliofuata wapimaji wa China walifika kileleni, na mlima ukapata kipimo kipya kilichokubaliwa na China na Nepal: mita 8,848.86.

Upande wa Nepal nao hawakulala. Mwaka 2010 kampuni ya Ncell ilifikisha 3G Gorak Shep, kwenye mita 5,200 hivi, kimo kile kile cha Batian, ncha ya juu kabisa ya Mlima Kenya. Na kabla yao, mwaka 2003, Tsering Gyaltsen Sherpa alikwisha kufungua kibanda cha intaneti kwenye kambi ya chini ya Everest. Tatizo lake lilikuwa geni hata kwa mafundi wakongwe: kambi nzima imekaa juu ya barafu inayotembea, na dishi la setilaiti likisogea kidogo tu, mawasiliano yamepotea. Akalifunga dishi mahali penye mwamba imara, kisha akavusha mtandao hadi kwenye hema kwa redio. Kwangu mimi, ujanja huo unazizidi tani nane kwa uzuri.

2. Bingwa wa Afrika: Kilimanjaro

Agosti 2022, Shirika la Mawasiliano Tanzania, TTCL, liliwasha intaneti ya kasi kwenye kituo cha Horombo, mita 3,720, na Waziri Nape Nnauye akazindua huduma hiyo hapo hapo mlimani. Desemba ya mwaka huo huo huduma ikafika Uhuru. Kutoka Horombo hadi kileleni ni mita 2,175 za kwenda juu. Panga majengo ya KICC ya Nairobi, moja juu ya jingine, na utahitaji 20 na kipande.

Wageni wanafurahia kurusha picha wakiwa kileleni, na wafurahie. Faida iliyo kubwa zaidi ni ya waongozaji na wagumu: mtu akizidiwa na ugonjwa wa kimo, kinachoamua ni muda ambao taarifa inachukua kufika chini. Zamani taarifa ilitegemea redio ya upepo au miguu ya mtu. Leo inatosha simu yenye chaji.

3. Masafa marefu kuliko yote: kilomita 382 kwa Wi-Fi

Hii ndiyo rekodi ninayoipenda kuliko zote zenye namba.

Wi-Fi ya nyumbani hushindwa kuvuka kuta mbili. Mwaka 2006, mwalimu wa mawasiliano Ermanno Pietrosemoli wa Venezuela alipanda Pico del Águila kwenye milima ya Andes, mita 4,200, akafunga dishi, na kuunganisha na wenzake waliokuwa umbali wa kilomita 279. Vifaa vilikuwa rauta za kawaida za nyumbani, aina ya Linksys WRT54G, zilizobadilishwa programu ndani. Nairobi hadi Kisumu kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 264. Alizivuka zote, na chenji ikabaki.

Mwaka 2007 akarudi. Safari hii upande wa pili ulikuwa mlima Platillón, na umbali ukawa kilomita 382. Chora mstari ulionyooka kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, ondoa kilomita 15 hivi, na hapo ndipo mawimbi yake yalipofika, tena kwa megabiti 3 kwa sekunde kila upande, kwa msaada wa programu ya watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley.

Mlima ulihitajika kwa sababu dunia ni mviringo. Kwa umbali wa kilomita 382, katikati ya njia dunia inavimba zaidi ya kilomita mbili. Antena zilizo usawa wa bahari zingetazamana na ukuta wa ardhi. Andes ndiyo iliyomwinua Pietrosemoli akapata kuona ng'ambo.

Shida ya pili ilikuwa ya saa. Rauta ikituma kipande cha data husubiri jibu la "nimepokea", na Wi-Fi imetengenezwa kwa ajili ya sebule na ofisi, hivyo hungoja kwa muda mfupi mno. Mawimbi huchukua zaidi ya milisekunde moja kuvuka kilomita 382. Rauta isiyorekebishwa hudhani ujumbe umepotea, hutuma tena na tena, na njia nzima huziba. Berkeley waliitibu kwa kuzipangia rauta zamu: sasa unasema wewe, kisha nitasema mimi. Kila fundi anayerusha Wi-Fi kutoka kilima hadi kilima leo anakutana na somo hilo, hata kama masafa yake ni kilomita 20 tu.

4. Bonde lisilo na barabara: Supai

Tumepanda vya kutosha. Kijiji cha Supai, makao ya Wahavasupai, wenyeji wa asili wa Marekani, kimo ndani ya Grand Canyon, jimbo la Arizona. Hakuna barabara. Kutoka ukingoni ni kilomita 13 za njia ya miguu, na unashuka mita 610 hivi, yaani karibu KICC sita. Barua hufika kwa nyumbu mpaka leo.

Mawimbi ya simu hupita juu ya bonde kama vile hakuna mtu chini. Kwa watu wapatao 200, hakuna kampuni kubwa iliyoona faida. Taasisi ya MuralNet ikashirikiana na Wahavasupai wenyewe kujenga mtandao wao kwa masafa ya redio yaliyokuwa yametengwa kwa ajili ya elimu, na ishara inashushwa kutoka juu hadi bondeni kwa minara ya kupokezana. Kabila ndilo lililoomba kibali cha kutumia masafa hayo katika ardhi yake. Watoto wakapata masomo na wagonjwa wakapata kuzungumza na daktari bila kupandishwa kwa nyumbu au helikopta.

5. Radi nyingi kuliko kote Afrika: Kabare, Kivu ya Kusini

Jirani zetu hawa wanashika nafasi ambayo fundi yeyote angependa waikose. Vipimo vya setilaiti vilivyochapishwa mwaka 2016 viliipa Kabare, karibu na Bukavu, mimweko 205 ya radi kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Duniani inazidiwa na Ziwa Maracaibo la Venezuela lenye 233. Kwa vipimo vya miaka ya nyuma, kabla ya Maracaibo kutambuliwa, ubingwa wa dunia ulikuwa wa milima hii hii ya mashariki mwa Kongo.

Gawanya 205 kwa viwanja vya mpira. Kila eneo la ukubwa wa kiwanja kimoja linapata mmweko mmoja na nusu kwa mwaka, kila mwaka. Sasa simamisha chuma kirefu juu ya kilima kimoja cha huko, ukining'inizie vifaa vya umeme.

Kinga ya mnara ni waya wa erthi unaopeleka radi ardhini. Mlimani ndipo kinga hiyo inapokuwa ngumu kuliko mahali pengine popote, maana juu ya mwamba udongo ni haba na mwamba mkavu haupitishi umeme vizuri. Mafundi huchimba mtaro mrefu, hulaza waya, hujaza mkaa na chumvi, na bado kila msimu wa mvua hurudi kupima. Waya ukikatika au ukiibiwa kwa ajili ya shaba yake, mvua ya kwanza tu inachoma redio, rauta na chaja ya sola kwa mpigo mmoja. Naisema hii kwa herufi nzito moyoni mwangu: anayeiba mita tano za shaba mnarani anazima kijiji kizima.

Na bado katika Ziwa Kivu, ng'ambo tu ya vilima hivyo, kisiwa cha Idjwi kilianza mtandao wake wa jamii mwaka 2016. Idjwi ndicho kinachofuata baada ya Ukerewe kwa ukubwa miongoni mwa visiwa vya maziwa ya Afrika. Mtandao wenyewe wameuita Pamoja Net.

6. Upepo mkali kuliko wote uliowahi kupimwa na binadamu kazini: kilomita 372 kwa saa

Mlima Washington, kaskazini-mashariki mwa Marekani, Aprili 12, 1934. Mlima wenyewe ni mfupi: mita 1,917, zaidi kidogo tu ya mia moja kuupita mji wa Nairobi. Upepo wake ndio uliouweka kwenye vitabu. Treni ya SGR ya Tanzania, ikikimbia kwa kasi yake ya juu kabisa ya kilomita 160 kwa saa, isingefikia hata nusu!

Rekodi hiyo ilisimama hadi mwaka 1996, kimbunga kilipopiga kisiwa cha Barrow, Australia, na mashine isiyo na mtu kuandika kilomita 408. Tangu miaka ya 1930 kilele cha Washington kimebeba antena za redio. Mafundi wake wanajua kanuni moja isiyosamehe: upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu inayosukuma dishi huongezeka mara nne. Ongeza barafu inayoganda kwenye nyaya ikielekea kule upepo unakotoka, na utaelewa kwa nini dishi la mlimani huwa la wavu wenye matundu, au hufunikwa kawa gumu.

7. Nchi ya juu kuliko zote: Lesotho

Fupi na tamu. Sehemu ya chini kabisa ya Lesotho iko mita 1,400, kimo cha jiji la Arusha. Hakuna nchi nyingine duniani ambayo ardhi yake yote iko juu ya mita 1,000. Na Agosti 2018, Vodacom Lesotho ilitangaza huduma ya kwanza ya kibiashara ya 5G barani Afrika, ikianza na wateja wa Maseru. Ufalme wa milimani ulizitangulia Nairobi, Lagos na Johannesburg.

8. Mnara usiopandwa: siku 312 angani

Julai 2020 kampuni ya Loon, iliyozaliwa Google, iliwasha huduma Kenya ikishirikiana na Telkom Kenya. Minara yake ilikuwa maputo, 35 hivi, yakielea kilomita 20 juu. Hapo ni Kilimanjaro tatu na nusu, karibu. Yalilenga eneo la kilomita za mraba 50,000 magharibi na katikati ya nchi, sawa na Unguja 30, eneo lenye kingo za Bonde la Ufa ambako kupandisha mnara ni gharama kubwa.

Puto moja la Loon liliruka Puerto Rico mwaka 2019 na kutua Mexico mwaka 2020 baada ya siku 312. Ni rekodi ya kampuni hiyo, na uhandisi wa kuheshimiwa. Januari 2021 kampuni ikatangaza kufunga, kwa kuwa hesabu za biashara zilikataa. Kwa kigezo chetu cha kuendelea kuwaka, Loon inatoka mapema, kichwa juu.

9. Polepole kuliko zote: dakika 106

Aprili 28, 2001, wapenzi wa kompyuta wa Bergen, Norway, walituma data za intaneti kwa njia ya njiwa, wakifuata kanuni ya kiufundi iliyochapishwa mwaka 1990. Ujumbe tisa uliondoka, majibu manne yalirudi. La haraka zaidi lilichukua sekunde 3,211 na la mwisho sekunde 6,388, yaani dakika 106: mechi nzima ya mpira, mapumziko yakiwemo.

Lakini njiwa ana heshima yake. Septemba 2009 huko KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, njiwa Winston alibeba gigabaiti 4 kutoka Howick kuelekea Durban, kilomita 80 hivi, kwa saa moja na dakika nane. Hata ulipoongezwa muda wa kunakili data kwenye kompyuta, jumla ilikuwa saa mbili na dakika saba. Laini ya intaneti iliyokuwa ikishindana naye ilikuwa imepitisha asilimia 4 tu.

10. Mtandao mkubwa kuliko yote ya wananchi: guifi.net

Ulianzia mwaka 2004 wilaya ya Osona, Catalonia, katikati ya milima, kwa juhudi za Ramon Roca na majirani zake waliochoka kusubiri. Leo una vituo zaidi ya 30,000. Weka kila kituo kwenye kiti kimoja, na nusu ya Uwanja wa Benjamin Mkapa imejaa. Mwenye antena juu ya paa lake anaweza kupitisha pia data za jirani.

Tukiwa kwenye ukubwa: Mei 2023 Tanzania ilitia saini mikataba ya kujenga minara 758 vijijini, katika kata 713, ikilenga watu milioni 8.5. Sensa ya 2022 iliipa Dar es Salaam watu milioni 5.38, kwa hiyo walengwa hao wanaizidi Dar nzima. Kila mmoja wa minara hiyo utahitaji mtu wa kuupanda.

11. Sugu kuliko wote: Nangi, Nepal

Mahabir Pun alirudi kijijini kwake Nangi, kwenye milima ya wilaya ya Myagdi, mwaka 1992, akitoka kusoma Marekani. Kijiji hakikuwa na simu, na barabara ilikuwa mbali kwa saa kadhaa za miguu. Akafundisha shuleni. Kompyuta za kwanza zilikuwa chakavu, zilizotolewa kwa msaada. Nyingine waliziunga wenyewe kwa vipuri, wakaziwekea maboksi ya mbao. Umeme ulitoka kwenye jenereta ndogo zilizosukumwa na maji ya kijito.

Mwaka 2001 aliwaandikia BBC akiuliza njia rahisi ya kufikisha intaneti. Habari yake ikatoka, na wataalamu wa kujitolea kutoka Marekani na Ulaya wakaja. Nepal ilikuwa vitani, na vifaa vya redio vilitiliwa shaka na jeshi na waasi pia, kwa hiyo viliingia nchini kimyakimya. Antena za kwanza zilifungwa juu ya miti. Kituo cha kupokezana kikawekwa mgongoni mwa mlima Mohare, zaidi ya mita 3,300, ili kuiona Pokhara, ambako intaneti ilikuwepo.

Sikiliza walichokitumia. Wagonjwa walionwa na madaktari wa hospitali ya Pokhara kupitia kamera. Mwalimu mmoja wa Kiingereza au hisabati alifundisha shule zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Wafugaji wa yak waliokuwa malishoni waliulizia bei na kutafuta wanunuzi.

Na hapa ndipo Nangi inapowashinda wote: waliofunzwa kutengeneza ni vijana wa kijiji. Betri ikichoka Mohare, anayepanda ni mtu wa huko huko, anayeijua njia hata ikiwa na theluji, na ambaye mama yake anasubiri kupiga simu. Mtandao huo ulikua kutoka kijiji kimoja hadi zaidi ya mia moja. Pun alipewa Tuzo ya Ramon Magsaysay mwaka 2007, na mwaka 2014 akaingizwa katika orodha ya heshima ya intaneti duniani.

Mshindani wake wa karibu ni mtandao wa AirJaldi wa Dharamsala, India, ulioanza mwaka 2005 chini ya Himalaya, ambako tumbili hubembea kwenye antena na kuzigeuza uelekeo. Mafundi wa huko walijifunza kufunga vifaa kwa hesabu ya uzito wa tumbili pamoja na upepo. Nafasi ya pili, kwa haki kabisa.

Everest imechukua kimo na Venezuela imechukua masafa. Kombe la jumla, kwa kigezo tulichokiweka mwanzoni, linakwenda Nangi, na waliolipata ni vijana waliofundishwa kutengeneza wenyewe. Halmashauri yoyote yenye mnara kilimani inaweza kuanza hapo mwaka huu: chagueni vijana wawili wa kijiji, wafundisheni kupima betri, kukaza dishi na kukagua waya wa erthi, na muwalipe kila mwezi.